Zawadi za sayansi kwa mtoto mdadisi: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mwanza

Nilitunza maabara ya sekondari miaka mingi kabla ya kufungua kiduka cha vifaa vya shule huku Nyegezi, na mpaka leo mtaa mzima unaniita Mwalimu wa Maabara, ingawa sijawahi kufundisha hata kipindi kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuosha mirija, kuficha spiriti na kuhesabu lenzi wanafunzi wakishatoka. Lakini jina limeshaganda. Krismasi ikikaribia, au Idd, au mtoto wa jirani akipokea Komunio ya Kwanza, simu haipoi: "Shikamoo Mwalimu, nina kijana wangu anapenda sana mambo ya sayansi, nimnunulie nini?" Nimechoka kurudia yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Nianzie wapi? Mimi mwenyewe sayansi ilinishinda.

Anza kwa kunyamaza. Siku tatu nne kabla ya kwenda mjini, sikiliza anachouliza mtoto na ukiandike. Watoto wa huku ziwani maswali hayawaishi. Nani aliliweka jiwe lile juu ya mwenzake? Wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi wanatokea wapi? Mbona mtumbwi mzito unaelea na msumari mmoja unazama? Kila swali lina chombo chake. Wa mawe anataka lenzi, wa wadudu anataka wavu na chupa, wa mtumbwi anataka beseni na mizani.

Nikupe mfano mmoja. Mtoto wa Kirumba alimuuliza baba yake kwa nini taa za wavuvi wa dagaa hazionekani ziwani wiki ile. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina mvuto tena, na wavuvi wengi hupumzika. Baba alikuwa anataka kununua roboti. Nikamuuzia daftari lisilo na mistari na penseli, nikamwambia: achore mwezi kila jioni hadi umbo lile la kwanza lirudi. Ni siku ishirini na tisa na nusu. Mtoto alijaza daftari, akaanza kumtabiria baba yake ni lini dagaa wataadimika sokoni. Roboti ingekuwa imeshavunjika.

Ana miaka mitatu. Si mapema mno?

Si mapema, ila kuna vitu viwili visifike mikononi mwake: betri bapa zinazofanana na vifungo vya shati, na sumaku ndogo zenye nguvu. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Sumaku mbili zikimezwa hutafutana ndani ya tumbo na kubana utumbo katikati. Mojawapo ikimezwa, hospitali mara moja. Usingoje ionekane chooni. Kabla hujalipa, angalia kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Unaofunguka kwa kucha, rudisha.

Mtoto wa umri huo mpe beseni la maji, vikombe vya ukubwa tofauti, funeli na mchanga. Inatosha kabisa.

Nataka kumnunulia darubini ya kuangalia nyota. Ipi nzuri?

Hapa nilishawahi kuliwa pesa, basi nisimulie. Mwaka mmoja nilimnunulia mpwa wangu darubini yenye boksi la kung'aa, sayari ya pete imechorwa ubavuni, na maandishi makubwa: inakuza mara 600. Duka silitaji. Tukaipandisha juu ya jiwe nyuma ya nyumba, anga jeupe, hakuna wingu. Kitu pekee tulichokiona vizuri ni mtetemo. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo. Ukiigusa tu, mwezi unakimbia. Yule mtoto, kwa adabu, akasema, "Mjomba, labda leo mwezi umechoka."

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya dukani ni hii: chukua kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, zidisha mara mbili. Huo ndio ukuzaji wa mwisho wenye maana. Ile yangu ilikuwa na lenzi ya milimita 50, kwa hiyo mara 100 ilikuwa kikomo, tena kwa siku njema. Zilizobaki mia tano ni maneno ya muuzaji.

Siku hizi nashauri darubini ya macho mawili, ile wanayovaa shingoni watalii wa Serengeti. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi. Ukiegemeza viwiko ukutani, 10x50 inakuonyesha mashimo ya mwezi na ile miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, imejipanga kama punje kwenye uzi. Inakuonyesha pia Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana. Wazee walikitazama Kilimia kujua majira ya kulima. Kwa macho matupu utahesabu nyota sita au saba, kwa darubini zinafunguka makumi. Pete za Zohali haitakuonyesha, usimwahidi mtoto. Na asubuhi, kifaa hicho hicho kinatazama ndege na meli, kwa hiyo hakilali kabatini mwaka mzima.

Mwezi utazameni ukiwa nusu. Watu wengi husubiri mwezi mpevu, lakini siku hiyo jua linaupiga usoni na vivuli vyote vimepotea. Unaona sahani nyeupe tu. Kwenye nusu, kando ya mstari wa giza, mashimo yanasimama.

Sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo hatuitumii: tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita mbele yetu ndani ya mwaka mmoja. Mtu wa London hajawahi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao.

Onyo moja, na mrudie mtoto mpaka alichoke: darubini haielekezwi kwenye jua, hata sekunde moja, hata kwa mchezo. Jicho haliumi linapoungua.

Na hadubini je?

Hadubini naipenda kuliko darubini, kwa sababu haingoji usiku wala mawingu yaondoke. Ila kwenye maboksi kuna mchezo ule ule: "mara 1200", lenzi za plastiki, picha ya ukungu. Mtoto anahitaji mara 40 hadi 100, iwe safi. Kwa ukuzaji huo anaona seli za ngozi ya kitunguu, magamba ya bawa la kipepeo, na wadudu wadogo wanaorukaruka ndani ya tone la maji.

Kuna hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Unaikunja mwenyewe kutoka kwenye kadi, unaweka lenzi ndogo kama kichwa cha pini, na inakuza mara 140 hivi. Haiogopi kuanguka, na inaingia ndani ya daftari. Ndugu akija kutoka nje mwagize hiyo badala ya viatu.

Njia ya bure: dondosha tone dogo la maji safi juu ya lenzi ya kamera ya simu kwa ncha ya sindano, kisha geuza simu taratibu juu ya kitu unachotaka kukiona. Tone linakuwa lenzi. Mikono ikitetemeka, linadondoka. Ndiyo sehemu ya raha. Simu isiwe mpya.

Sasa jambo zito. Mtoto akishapata hadubini, siku hiyo hiyo atataka maji ya ziwa. Usimwache aingie kuyachota. Kichocho kipo ziwani, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hana kidonda. Mtu mzima achote kwa ndoo yenye kamba akiwa gatini, juu, miguu mikavu. Maji yakikaa ndooni siku mbili, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa, lakini viumbe wengine wengi bado wanaogelea na wanaonekana vizuri. Akimaliza, sabuni. Na siku ya dawa ya kichocho shuleni, asitoroke.

Nina elfu kumi tu. Nitapata nini cha maana?

Utapata zawadi bora kuliko za nusu ya wanaonipigia. Chukua boksi la viatu. Pita kwa fundi redio, mwombe sumaku ya spika iliyokufa na mota ndogo ya deki mbovu. Wengi hutoa kwa bei ya soda. Ongeza betri mbili, waya mita moja, balbu mbili tatu za LED kutoka kwenye tochi mbovu. Duka la dawa litakuuzia sirinji mpya zisizo na sindano, moja ndogo na moja kubwa, pamoja na kipande cha mrija wa dripu. Mpya, narudia, za kuokota jalalani usiruhusu kamwe.

Jaza maji kwenye sirinji hizo, ziunganishe kwa mrija, na umwache asukume. Akibonyeza ndogo, kubwa inapanda polepole lakini ina nguvu ya kuinua kitabu; akibonyeza kubwa, ndogo inaruka mbio bila nguvu. Hivyo ndivyo tipa linavyomwaga kifusi. Sitashangaa baada ya wiki moja ukikuta gari lake la makopo, la magurudumu ya ndala, lina bodi inayoinuka.

Sumaku ya spika iburuzwe kwenye mchanga mkavu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mara nyingi itatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma zilizotoka kwenye mawe yetu. Ukiiburuza bila mfuko, utakaa wiki nzima unaisafisha.

Kuna zawadi isiyogharimu chochote?

Fimbo iliyonyooka. Isimamishe uani na mpe mtoto chaki apige alama kwenye ncha ya kivuli kila robo saa, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana. Atagundua kwamba hapa Mwanza kivuli kifupi kuliko vyote hakipatikani saa sita kamili. Kinapatikana kuelekea saa saba! Watu wazima wengi hubisha hadi waone. Sababu ni kwamba saa ya nchi yetu inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 33. Dunia hutumia dakika nne kuzunguka nyuzi moja. Tofauti ya nyuzi 12 ni dakika 48. Mtoto wa darasa la sita anaipiga hesabu hiyo mwenyewe, na akishaipiga hutamwambia kitu.

Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, arudie. Kivuli cha saa ile kitapotea kabisa, kwa kuwa jua linapita utosini.

Kijana wangu anakusanya mawe. Nimkataze?

Umkataze, naye kazaliwa Mwanza? Mji huu umejengwa juu ya mawe, katikati ya mawe, na mahali pengine chini yake. Ni matale (granaiti) yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna jitu lililoyapanga. Yalipasuka yakiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzilainisha kona, udongo ukaoshwa, mawe yakabaki yamebebana. Hata lile la Bismarck, ambalo kila mgeni anapiga nalo picha, ni mabaki ya kazi hiyo hiyo.

Mnunulie lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Hapa haikosekani kwa sababu ya biashara ya dhahabu ya Geita. Akiiweka karibu kabisa na jicho na kulisogeza jiwe, ataona halina rangi moja. Kuna vipande kama kioo, kuna vyeupe au vya waridi vyenye uso bapa, kuna vipande vyeusi vinavyometameta, vingine vikiwa ulanga. Mwongezee trei ya mayai ya kupangia, na vikaratasi vya kuandika jiwe limetoka wapi na siku gani. Bila kikaratasi, ni kokoto tu. Nyundo asipewe bila miwani ya kukinga macho.

Seti za kemia za kwenye maboksi ni salama?

Baadhi. Kama unga uliomo hauna jina lililoandikwa, achana nayo. Kama maelekezo yako kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeisoma, achana nayo pia. Lakini kwa kweli jikoni kwako kuna seti nzuri zaidi.

Chemsha maua makavu ya rozela upate maji mekundu, yapoe, yagawe kwenye glasi tatu. Moja usiiguse. Ya pili kamulia limau, wekundu unazidi kuwaka. Ya tatu weka magadi kidogo kidogo: rangi inageuka, inapita kwenye zambarau na kuelekea buluu au kijani. Mtoto akishaona, atataka kujaribu majivu, sabuni, siki, mate ya mdogo wake. Mwache, ila dawa ya kusafishia choo isiguswe.

Halafu kuna shabu, ile ya kinyozi. Yeyusha nyingi kwenye maji ya moto hadi ikatae kuyeyuka, mimina kwenye glasi safi, ning'iniza uzi, weka mahali pasipotikiswa. Baada ya siku kadhaa uzi unabeba fuwele zenye nyuso bapa na pembe kali kana kwamba fundi kazichonga. Shabu hiyo hiyo, chembe kidogo kwenye ndoo ya maji ya tope, inakusanya tope na kulishusha chini. Kanuni hiyo hutumika kwenye mitambo ya maji ya miji. Maji yakishakuwa meupe bado yachemshwe. Weupe hauui vijidudu, na hili ni somo lenyewe.

Wale wanaopenda volkano ya magadi na siki, sina neno, ni burudani. Lakini wamwambie mtoto kwamba nchini kwake kuna Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kwa sasa kutoa lava ya namna ile, yenye magadi ndani yake. Inatoka nyeusi, nyepesi kama mafuta, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, kisha inageuka nyeupe ikishapoa.

Tunaishi karibu kabisa na maji. Kuna zawadi ya ziwa lenyewe?

Ipo, na mnaitengeneza pamoja. Chukua mfuniko wa ndoo wenye upana wa sentimita 20 hivi, ugawe robo nne kama keki, paka mbili nyeusi na mbili nyeupe kwa kupokezana. Toboa katikati, pitisha kamba, funga jiwe chini, na kwenye kamba piga fundo kila sentimita 10. Zamisha taratibu kutoka gatini hadi mfuniko upotee machoni, hesabu mafundo. Umepima uangavu wa maji kwa kifaa kilichotokana na kile alichokitumia padri na mwanasayansi Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa bado wanakitumia.

Kipimo kimoja hakisemi kitu. Thamani iko kwenye kurudia: kila Jumamosi, mahali pale pale, saa ile ile, na namba iandikwe. Mvua kubwa ikinyesha na mito ikaleta tope, namba inashuka. Maji yakigeuka kijani kwa mwani, inashuka. Baada ya miezi sita mtoto ana takwimu za ziwa ambazo hakuna mwingine mtaani anazo. Jaketi okozi na mtu mzima ni lazima. Sehemu zenye mamba au kiboko, msiende kabisa, hata kama wenyeji wanasema "huyu tumemzoea".

Anataka kufuga mjusi.

Yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu? Kila mtoto anamtaka. Jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae. Limebeba jina la mji wetu, mwambie. Ila asimfunge. Mjusi huyo anaishi kwa kuota jua juu ya jiwe na kuwafukuza wenzake, na ndani ya boksi hafanyi hata kimoja. Mpe kipimajoto, saa na daftari: anatoka saa ngapi, jiwe likiwa na joto gani, dume mmoja ana majike wangapi. Majike hawana rangi zile, ni wa kahawia. Kuuliza kwa nini dume peke yake ndiye amevaa suti ni swali la kumtosha mwezi mzima.

Mkitaka kutoka, Kisiwa cha Saanane ni mwendo mfupi kwa boti kutoka mjini, na pimbi wamejaa mawe.

Roboti na umeme: aanzie wapi?

Betri, balbu, swichi, mota. Halafu mita ya fundi, ya bei ya chini, apime betri zote za nyumbani na kukuambia ipi imekufa. LED ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu ni chanya, ukigeuza haiwaki, na kugundua hilo mwenyewe ni tamu kuliko kuambiwa. Vibao vya kuandikia programu kama Arduino vingoje hadi afike miaka kumi na moja au kumi na mbili na awe ameshachoka na balbu. Kulehemu, akiwa na mtu mzima, dirisha wazi.

Umeme wa ukutani hauguswi. Volti 230 hazimjui mdadisi.

Anauliza mpaka anakera. Mwalimu wake analalamika. Zawadi si itamzidisha?

Itamzidisha, ndiyo. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa chache, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa yakiwa ya baridi. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na darasa likamcheka. Alipofika Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akauliza tena. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka sana; alirudi na kulifanyia jaribio, na mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana ni lini linatokea na kwa nini.

Kwa hiyo, mama unayeuza barafu za ukwaju kutoka kwenye friza lako: mpe mtoto vikopo viwili vinavyolingana, kipimajoto, na kona moja ya friza Jumapili moja. Matokeo yanaweza kukataa. Aandike hivyo hivyo yalivyokataa, arudie.

Na dada yake?

Naye apate. Umenunua bisibisi moja badala ya mbili kwa sababu gani?

Vitabu?

Vya sayansi vya darasa moja au mawili mbele yake, kwa Kiswahili akiwa bado msingi. Kitabu kizuri cha Kiingereza asichokisoma ni picha za bei ghali. Daftari la pili liwepo daima.

Anapenda dinosaria tu, hataki kingine.

Mnunulie wa plastiki, kisha mweleze kwamba kimoja cha viunzi vya mifupa ya dinosaria vikubwa kuliko vyote vilivyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho, kilichoko Berlin, kilichimbwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, na waliochimba na kubeba ile mizigo hadi pwani walikuwa Watanganyika. Atakuuliza mbona kiko kule. Jiandae.

Nikanunue wapi hapa mjini?

Vitu vya betri na waya, kwa mafundi wa pembeni. Glasi, trei, beseni na mizani ya mkono, sokoni. Mlango Mmoja wana mitumba, na ndani ya marundo ya mikoba mara moja moja unaibukia darubini ya macho mawili iliyotumika. Ijaribu palepale kwa kusoma kibao cha mbali. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, vioo vya ndani vimepinda, usinunue hata kwa buku. Mambo ya maboksi yako madukani, na ushauri wangu wa boksi umeshausikia. Nenda na mtoto angalau mara moja. Anachokishika na kukataa kukiachia, umepata jibu bila kunipigia.

Nimempa seti ya bisibisi. Jana nimerudi kazini nimekuta redio yangu imefunguliwa yote mezani. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha haikuwa kwenye umeme. Halafu usifoke mpaka umemuuliza amegundua nini, maana kuna uwezekano amekuta waya uliokatika ambao umekufanya uipige redio kofi miaka miwili. Tafuteni viberiti vitupu, kila kundi la skrubu liingie kwenye kiberiti chake, na juu aandike zimetoka wapi. Aanze kurudisha na wewe ukiwa umekaa pembeni, mikono mfukoni. Skrubu moja itabaki. Huwa inabaki.